Memori Zilizokataa Kurudi Mfukoni

Wazazi wenye vijana wanaopenda gemu, someni hii kabla hamjafungua pochi.

Sostenes alikuwa anakula chipsi Katoro alipomsikia Jilala akilalamika. Kompyuta yake inaganda. Mchezaji anakimbia na mpira, akifika golini anasimama kama sanamu, na wateja wa kibanda chake cha gemu wanahamia kwa jirani. Sostenes akaacha chipsi. Mtu wa namna ile akiacha chipsi, ujue ameona nyama.

"Shida ni memori, mdogo wangu," akamwambia. "Una moja ya gigi nne. Gemu za sasa zinataka kumi na sita, ziwe mbili za nane zinazofanana. Tena ziwe za aina inayoingia kwenye bodi yako. Na usidanganywe na zenye taa. Taa hazifungi goli."

Ubaya wake, yote yalikuwa kweli. Ndivyo matapeli wanavyotupata.

Bei aliyotaja ilikuwa nusu ya bei ya dukani. Angeweza kutaja hata robo, maana hakuwa na nia ya kuziacha. Alikwenda Nyasubi kwa Zuwena mwenye duka, akaazima memori mbili nzima, akaacha pikipiki yake rehani. Mfuko wa kushoto akatia mbili zilizokufa, zenye magamba mekundu yaleyale. Angefunga nzima, gemu icheze, halafu azichomoe, arudishie zilizokufa, apotee na pesa.

Pesa ilikuwa kwa Apolonia, mama yake Jilala, mnunuzi wa dhahabu ndogondogo. Kijana aliitolea jasho chini ya duara la Mwakitolyo, shimo la dhahabu ambalo mvua ikinyesha mama halali. Pesa ikipotea, mtoto anarudi shimoni.

Basi Sostenes akaja, akatoa shikamoo yake vizuri, akaitikiwa, akafunga zile nzima. Mchezaji akapita kama upepo, akafunga goli. Jilala akacheka peke yake. Sostenes akazima kompyuta, akasema azitoe kidogo azipake dawa, maana vumbi la Katoro halina huruma.

Apolonia akaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Acha hapo, ng'wanone, mtoto wangu. Kwetu mzigo ukishapimwa mezani haurudi mfukoni mwa muuzaji. Tumeuziwa shaba sana."

"Mama, hii siyo dhahabu."

"Meno ya memori zako nimeyaona yanang'aa kama dhahabu. Dawa niachie, mwanangu atapaka."

Sostenes akakumbuka ghafla kwamba amekosea bei. Apolonia akamwambia bei kaitaja mwenyewe na jirani Mwamvua kasikia, akamtia pesa mkononi, akamkaribisha chai. Aliinywa kama dawa ya minyoo. Alipoinuka, memori za mfuko wa kushoto zikagongana.

"Na hizo?"

"Za mteja mwingine, mama."

"Basi na yeye kampimie mezani."

Pesa ile haikutosha kumlipa Zuwena, na pikipiki bado iko Nyasubi. Kwa Jilala sasa watoto wanapanga foleni. Nanyi wazazi, kifaa kikishawashwa mkakiona kinafanya kazi, kisichomolewe tena, hata aje na dawa gani.

Wanaotoka Mwakitolyo wanasema kwenye duara la zamani la Jilala kuna mgeni mwenye maneno matamu, anavuta mawe akomboe pikipiki. Mvua ikinyesha, Apolonia bado anashtuka. Huyo mgeni naye ana mama.