Tangi Lipumue

Ndugu Mhariri,

YAH: KUMWACHISHA KAZI MWANDISHI WA SAFU YENU YA MAGARI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umeketi, maana si fupi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimesahihisha insha kwa miaka thelathini na mmoja, na gazeti lako hulisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sijawahi kulalamika. Mlipoandika "mauwaji" ukurasa wa mbele nilinyamaza, nikanywa maji. Lakini huyu bwana anayejiita Fundi Spana, anayejibu maswali ya wasomaji kila Jumatano, amenitenganisha na mke wangu, na hilo halinyamaziki.

Gari langu lilitengenezwa kabla wewe hujazaliwa. Ni la kijani, lina kabureta, na halina kompyuta ya kumpigia dereva kelele afunge mkanda. Kasoro yake ni moja tu. Likiwashwa huenda vizuri dakika kumi na nne, kisha hukohoa, huishiwa nguvu na kuzima. Dakika hiyo ya kumi na nne hutukuta kwenye mwinuko mbele ya duka la fundi cherehani, ambaye siku hizi akituona kwa mbali hutoa benchi nje.

Mwezi uliopita tulialikwa kwa shemeji yangu, yaani dada yake mke wangu, safari ya dakika ishirini. Mke wangu alisukuma gari akiwa na gauni la hariri na viatu mkononi, mimi nikiwa kwenye usukani nikimwelekeza. Alipofika kwa dada yake hakurudi. Aliniambia kwa simu kwamba yeye aliolewa, hakuajiriwa kusukuma, na kwamba atarudi siku nitakayomfuata kwa gari hilohilo bila kuzima njiani. Hii ni wiki ya tano nakula mayai, na mayai yenyewe nayaunguza.

Ndipo nikamwandikia Fundi Spana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jibu lake la kwanza lilikuwa: "Ng'oa kabureta uioshe." Wapi, kwa nini, hakusema. Niliifungua kwenye meza ya chakula, skrubu nikaziweka kwenye bakuli la sukari, na zile jeti, yaani vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli, nikazichemsha kwa sabuni katika sufuria ya chai. Mpaka leo chai yangu ina harufu ya kituo cha mafuta. Nilipoirudisha kabureta ilibaki skrubu moja. Ninayo kwenye bahasha, ikihitajika kama ushahidi.

2. Jibu la pili: niitikise floti, kile kiboya cha ndani ya kabureta, nisikilize kama "imekunywa", yaani imeingiwa na petroli. Niliitikisa sikioni nusu saa nzima. Kwa bwana huyu floti inakunywa, plagi zinalia, na filta imeziba pua. Nilidhani nimeandikia safu ya magari, kumbe ni zahanati.

3. Filta nilibadilisha. Hakuna kingine kilichobadilika.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Jumatano iliyopita alinijibu kwa maneno mawili, kana kwamba wino unamtoka mwilini: "Tangi lipumue." Sasa, Ndugu Mhariri, kupumua ni nini? Mtu aliyebeba gunia akisema "ngoja nipumue" anataka kupumzika. Kwa hiyo nikalipumzisha. Kila baada ya dakika tano nilisimama, nikazima injini, nikafungua milango yote minne, nikakaa pembeni dakika kumi nikisoma gazeti lako, ambalo nalo lilinichosha. Nililipumzisha mbele ya shule, kwenye njia panda, na mbele ya benki, ambako mlinzi aliandika namba ya gari na sura yangu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mapumziko yanafaa. Likishapumzika huwaka kama halijawahi kuwa na neno. Maana yake gari si bovu, ni vivu, na gazeti lako ndilo linalolilea uvivu huo.

Kwa mtindo huo nilifika kwa shemeji Jumapili. Mke wangu alikuwa mlangoni na begi lake limefungwa. Lakini zilikuwa zimebaki nyumba tatu tu muda wa kupumzika ulipotimia, nami ni mtu wa ratiba, nikasimama, nikazima, nikafungua milango. Aliniangalia, akachukua begi, akaingia ndani. Nilimfuata nikamweleza kupitia dirishani kwamba gari halikuzima njiani hata mara moja, lilizimwa, na kwamba kuzima na kuzimwa ni vitenzi viwili tofauti. Akafunga dirisha.

5. Kwa hiyo nadai: Fundi Spana arudishwe darasa la tano akasome upya, akishindwa, afukuzwe, akishafukuzwa, ukurasa wake uachwe mtupu mwaka mzima ili wasomaji wapone. Na wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri, uende kwa shemeji ukamwombe radhi mke wangu, kisha uvue koti ulisukume gari kutoka kwa fundi cherehani hadi mlangoni kwangu, yeye akiwa amekaa kiti cha mbele.

Naishia hapa, kwa heshima zote mlizobakiwa nazo. Nisalimie wachapaji, mlinzi wa getini, na mtunzi wa chemshabongo, ambaye katika jengo lenu ni yeye peke yake anayejua maana ya maneno.

Ni mimi,
Mwalimu Mstaafu,
ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta

Tanbihi: Barua hii ilikuwa mezani ikisubiri stempu, mke wangu alipoingia asubuhi hii kuchukua nguo zake. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akatoka nje, akafungua kifuniko cha tangi la petroli, na tangi likavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Kifuniko kina kitundu cha kuingizia hewa, na hewa isipoingia, petroli haishuki kwenye kabureta. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa gundi. Gundi niliipaka mimi, nikidhani kitundu ni cha kutu. Fundi Spana alimaanisha kuvuta hewa, maana ya kwanza kabisa katika kamusi, ambayo sikuisoma kwa kuwa naijua.

Mke wangu alikizibua kwa pini ya nywele. Akasema katika barua yote hii kila ninapomtaja anasukuma au anafunga dirisha, na hakuna mahali nimeandika kwamba namtaka arudi. Niliingia ndani kubadili shati ili twende pamoja kumshukuru shemeji. Nilipotoka, gari halikuwepo. Shemeji amenipigia kusema dada yake amefika salama, dakika ishirini kamili.

Namtaka arudi. Nyumba imekuwa kimya na sipendi. Tafadhali Fundi Spana asifukuzwe kabla ya Jumatano, nina swali lingine kwake: gari limepona na mke ameondoka nalo, nianze kuchunguza wapi?