Diski Isiyofutika

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Mkuu wa idara yetu ya maji ametangaza kwamba Ijumaa masjala itapata msimamizi mpya. Chumba chenye dirisha. Ufunguo wake mwenyewe. Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya kabati la mafaili nikipiga chafya. Chumba hicho ni changu!

Kikwazo ni shemeji. Kaka wa mke wangu, mtu wa kompyuta. Humu namwita Jokofu, maana chumba chake cha seva kina viyoyozi vitatu na yeye huvaa sweta jua likiwaka. Anataka ramani zote za mabomba zikae huko. Mimi nataka ziwekwe kwenye diski, zile sahani nyembamba zinazong'aa. Mwanga unaandika, mwanga unasoma, basi. Ukimaliza unaitia kwenye boksi. Haili umeme, haitaki sweta. Muuzaji ameapa zitadumu miaka mia. Mkuu atampa chumba mwenye hoja nzuri. Nimemwambia mke wangu ashone pazia. Ameuliza anamshonea nani.

Jumanne, tarehe 4

Mashine imefika. Nimeskani ramani hadi pua ikawa nyekundu. Diski ishirini! Sikuandika lebo. Lebo ni kazi ya Jokofu, nikishapata chumba.

Ikabaki diski moja tupu. Hasara! Nikaskani shajara hii, kurasa zote. Vizazi vijavyo vina haki ya kunifahamu. Hata pale nilipochora shingo ya Mkuu, ambaye humu namwita Bata Mzinga, kila mkunjo unaonekana.

Kisha nikajuta, nikataka kuifuta. Haifutiki! Kijitabu kinasema diski hizi huandikwa mara moja tu, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Nikaichomeka katikati ya zile ishirini ili mtu asiijue. Sasa hata mimi siijui.

Jumatano, tarehe 5

Umeme umekatika! Raha iliyoje! Jokofu amevua sweta. Anapepea seva zake kwa faili. Nimepita mlangoni pake mara nne na boksi langu, nikipiga mluzi. Nikamwuliza shemeji joto analionaje. Akajibu kwa upole kwamba hata mashine yangu ya kusomea diski inatumia umeme. Mwongo!

Nimekwenda kuangalia. Si mwongo.

Basi siwezi kuitafuta ile diski. Nimezitazama zote dirishani, moja moja. Nimeona uso wangu mara ishirini na moja. Mke wangu anashauri nikamweleze Mkuu ukweli mapema. Wanawake wana utani! Ni moja tu kati ya ishirini na moja. Siwezi kuwa na mkosi kiasi hicho.

Ijumaa, tarehe 7

Umeme ulirudi dakika kumi kabla ya kikao. Ningeweza kuitafuta diski. Nilichana nywele.

Jokofu alianza. Akakiri kwamba seva mbili zimegoma kuwaka. Nikaweka sura ya mfiwa. Zamu yangu ilipofika nikamwambia Mkuu achague diski yoyote aitese apendavyo. Kazi hiyo aliipenda sana. Aliimwagia chai. Aliizamisha kwenye ndoo ya maji ya deki. Akaipangusa kwa tai yake, ikaingizwa kwenye mashine iliyounganishwa na projekta. Nikafumba macho. Kisha mjumbe mmoja akacheka.

Shingo ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango.

Mkuu akasoma kurasa tatu kwa sauti. Akauliza Bata Mzinga ni nani. Nikasema ni bata. Akauliza mbona bata huyo anaongoza vikao. Hapo nikaomba maji. Jokofu, mtu wa haki, akasema ni lazima tukubali kwamba kila herufi inasomeka.

Diski zimepitishwa kwa kauli moja! Hoja yangu imeshinda! Chumba amepewa shemeji. Nikaomba diski ile ivunjwe. Mkuu akasema imeonyeshwa kikaoni, kwa hiyo ni kumbukumbu rasmi. Ni Diski Namba Moja. Miaka mia! Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, tarehe 10

Niko nyuma ya kabati. Kazi yangu mpya ni kuandika lebo. Jokofu amenichungulia kutoka chumba chenye dirisha kuuliza nimefika wapi. Pazia limempendeza. Mke wangu anashona vizuri.

Kelele tupu leo ofisini. Bomba la zamani limepasuka karibu na soko na hakuna anayejua valvu ya kufungia maji iko wapi. Mkuu amesema kesho asubuhi atakuja hapa mwenyewe na mafundi wote. Hayanihusu.

Nimejifunza mengi. Kwanza, tahadhari: simwiti tena Mkuu Bata Mzinga. Namwita Mbuni. Nimemchora upya, shingo imetoka vizuri zaidi. Pili, siri zihifadhiwe kitaalamu. Mke wangu anatishia kulitia daftari hili motoni, kwa hiyo nikimaliza sentensi hizi naliskani lote kwenye diski mpya. Na safari hii sirudii kosa la kuiacha bila lebo. Nimeshaiandika, kwa herufi kubwa, jina la diski ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeifungua: RAMANI ZA MABOMBA YA ZAMANI, SOKONI.