Nukta Nane Kwenye Moyo wa Mzee Tharsisi

Jumatatu, 6 Oktoba 2014. Kasulu.

Barua imefika kutoka mkoani. Nafasi moja tu: miezi mitatu Dar es Salaam, kusomea kupima moyo kwa ultrasaundi. Kila kituo cha afya kipeleke mtu mmoja. Dokta Josepha, Mganga Mfawidhi wetu, ameibandika ubaoni na kusema jina atalitoa Ijumaa ya wiki ijayo.

Watu wote wakamgeukia Rabia. Sijui kwa nini. Sawa, kwa ultrasaundi anapima yeye, miaka kumi na moja sasa, na mimi ni msaidizi wake wa kuita majina, kupaka jeli na kuandika rejista. Lakini kukaa sana kazini si hoja. Rabia hana hata kompyuta. Anatazama skrini, anaguna, anaandika jibu. Hiyo ni sayansi ya wapi?

Nafasi ni yangu. Nimeanza kufikiria suti ya kusafiria.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata silaha. Nilimwambia Rabia jino linauma, nikaenda stendi kwenye kibanda cha binamu yangu Abdalah, fundi simu. Amenishushia programu kutoka mtandaoni kwenye kompyuta yangu. Imechukua saa sita, maana mtandao ulikuwa wa kusuasua. Ni ya bure, imetengenezwa na wasomi wa chuo fulani Ulaya.

Kazi yake ni kufuata mwendo ndani ya picha za hospitali. Unaipa filamu ya moyo iliyochukuliwa na ultrasaundi. Unaweka nukta kwenye ukuta wa moyo. Programu inaikamata kila nukta, inaifuata picha hadi picha, halafu inakuchorea mstari: upande huu unasukuma vizuri, upande huu mvivu. Kwa rangi! Dokta Josepha anapenda sana vitu vya rangi.

Maelekezo ni kurasa tisini na nne, Kiingereza kitupu. Nimesoma sita. Zilizobaki nadhani zinarudia yaleyale. Abdalah kaniuliza kama kweli nitaiweza. Nikamwambia atengeneze simu za watu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kikwazo cha kwanza: tundu la flashi kwenye mashine yetu limekufa tangu mwaka jana. Filamu haitoki. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimeamua kuirekodi skrini kwa simu yangu.

Kikwazo cha pili: moyo. Bahati nzuri alikuja Mzee Tharsisi, mkulima wa Msambara, anasumbuliwa na tumbo. Rabia alimpima tumbo, akamwandikia dawa, akaenda kunywa chai. Nikamwomba mzee asivae shati kwanza.

Nilivaa koti jeupe la Dokta Josepha linaloning'inia nyuma ya mlango. Kipimo kizito kinataka vazi lake. Mkono wa kulia nimeshika kichwa cha kupimia, wa kushoto simu. Nikabana pumzi ili nisitikisike. Sekunde kumi, nimesimama kama askari wa gwaride. Mzee aliuliza kama moyo wake utaonekana kwenye runinga. Nilimwambia kwa namna fulani, ndiyo.

Jioni nikaweka nukta nane. Nne za kulia zilicheza vizuri kabisa. Nne za kushoto hazikusogea hata kidogo. Mstari mwekundu, umenyooka.

Nusu ya moyo wa mzee imesimama! Rabia alikaa naye chumba kimoja na hakuona kitu. Nilifurahi sana. Baadaye nikamsikitikia mzee pia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepanda bodaboda hadi Msambara. Rabia sikumwambia, angesema amegundua yeye. Mzee nilimkuta shambani. Mvua zimeanza, kila mtu analima, na yeye alikuwa katikati ya tuta anaimba.

Nilimweleza kitaalamu. Nusu ya moyo haifanyi kazi. Asishike jembe, asipande mlima, asigombane na mtu. Akaniuliza kama ataiona Krismasi. Nikamjibu programu haijafika huko.

Alilaza jembe palepale kwenye tuta. Alisema mwenyewe hasikii kitu chochote kibaya, ila kama kompyuta imeona, yeye ni nani abishe. Kisha akamwita binti yake Pelagia, akamwagiza anikatie mkungu wa ndizi kwa kuwa nimejisumbua kuja. Njia nzima mkungu ule ulikuwa unanichoma mapajani na rohoni. Lakini ukweli lazima usemwe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya kuwasilisha. Niliweka kompyuta mezani kwa Dokta Josepha na kumwonyesha ile mistari. Aliitazama muda mrefu. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema nyumbani, anapumzika kwa ushauri wangu. Akasema vizuri, aletwe Jumatano, Rabia ampime moyo upya.

Rabia aliuliza jambo moja tu, taratibu, bila kuacha kufuta mashine: filamu niliitoaje wakati tundu la flashi limekufa? Nikamwambia ni siri ya kazi. Akaguna.

Mchana Pelagia akaja kuchukua dawa za tumbo la baba yake. Habari alizoleta si nzuri. Mzee amewagawia watoto shamba. Amechagua mahali pa kuzikwa, karibu na mibuni. Amemtumia ujumbe Reverien, mwanawe aliyeko Manyovu, ambaye walinuniana miaka sita kwa ajili ya mibuni hiyohiyo, na Reverien yuko njiani. Majirani wanashinda uani wakimtazama mzee. Mvua inanyesha na hakuna anayelima. Wakikosa kupanda wiki hii, mwakani watakula nini, Pelagia aliniuliza mimi, eti kwa kuwa ni mtaalamu.

Nilifikiri kumwambia labda nimekosea. Nikakumbuka ule mstari mwekundu. Kompyuta ina sababu gani ya kudanganya?

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika. Leo natamani nisingekuwepo.

Wamemleta mzee kwa ingobyi, ile machela yao ya asili. Wanaume wanne wamembeba kutoka Msambara kwenye utelezi, maana nilikataza asipande mlima. Mbele alikuwepo Reverien. Mzee akiwa huko juu mabegani mwa watu alimsalimia kila aliyekutana naye, mwakeye, mwakeye, kwa sauti ya mtu anayeaga.

Rabia akampima mbele ya Dokta Josepha. Moyo ulidunda pande zote. Hata mimi niliuona. Akarudia mara tatu, akimgeuza mzee hivi na hivi. Kisha akaomba kuiona filamu yangu.

Aliitazama mara mbili. Mara ya tatu akaisimamisha na kuweka kidole upande wa kushoto. Pale palikuwa na kitu cheupe, kimefifia, kimeufunika ukuta wa moyo. Akasema skrini ni kioo, na kioo kinaonyesha aliye mbele yake. Kile cheupe ni koti. Nukta zangu nne zilikuwa zimeshika koti nililovaa. Moja ilikuwa juu ya kifungo.

Kwa hiyo moyo wa mzee ulikuwa kazini muda wote. Aliyekuwa hasogei ni mimi, nimebana pumzi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mzee aliuliza kama anaweza kushuka kitandani. Akashuka. Akauliza mvua ya siku ngapi imempita. Reverien akasema tano. Mzee akanisogelea nikajua napigwa. Akanishika bega, akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nimeshapimwa, maana nusu yangu haisogei.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya stoo ya dawa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Dokta Josepha alinifuata huko na barua mbili. Ya kwanza onyo. Ya pili inaniagiza niende kwa Mzee Tharsisi kesho alfajiri, nilime hadi atakaponiruhusu yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimelima. Mikono yote imetoka malengelenge. Tuta la kushoto kwangu alikuwa Reverien, la kulia mzee mwenyewe. Kila nilipomaliza tuta moja mzee alikuwa amemaliza mawili na ananisubiri mbele, ameegemea jembe, ananihurumia.

Hakuna aliyetaja moyo. Mchana Pelagia alileta ugali wa muhogo na maharage. Baba na mwana walikula sahani moja bila kusemeshana sana. Reverien alisema atabaki hadi mbegu zote ziingie ardhini. Mzee alijibu kwamba jembe la zamani la mwanawe bado lipo darini. Basi, wakaendelea kula. Mzee alipoinuka alifuta macho kwa mkono wenye udongo akasema ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa mbali.

Kufika jioni mzee akaniruhusu. Maharage yote yatawahi mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Jina limetoka. Rabia. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, kwa uangalifu kwa sababu ya malengelenge. Nilimpongeza kwa dhati. Alisema ahsante, na kwamba akirudi atanifundisha kusoma picha kwa macho kwanza. Macho! Mwaka huu wa 2014!

Dokta Josepha akatangaza kwamba mwakani kutakuwa na nafasi nyingine, na safari hiyo mwombaji ataambatanisha ripoti fupi ya kazi aliyoifanya na matokeo yake. Alisema hivyo akimtazama kila mtu isipokuwa mimi. Nadhani hakutaka wenzangu wajue amenilenga mimi.

Nimerudi nyumbani nikatulia, nikayapitia mambo yote bila jazba. Programu haikukosea. Iliambiwa ifuate nukta, ikazifuata. Tatizo lilikuwa koti, na koti ni la Dokta Josepha. Ripoti nimeimaliza sasa hivi, ukurasa mmoja, na kila neno ni kweli tupu. Waliopimwa moyo kwa programu ya kisasa: mmoja. Waliokutwa na tatizo kubwa: mmoja. Waliopona kabisa ndani ya wiki moja na kurudi shambani: mmoja. Dawa zilizotumika: hakuna. Familia zilizopatanishwa: moja.

Nimepiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Asilimia mia moja. Rabia hajawahi hata kukaribia hapo.