Nanyama Atakuja Jumamosi

Jumatatu, 2 Februari 2026

Leo nimeongea kabla ya kufikiria. Tena.

Ilikuwa hivi. Mama Becky, mwenye nyumba wetu hapa Soweto East, Kibera, alikuja kuangalia kile chumba cha mbele ambamo wasichana hukaa jioni wakisoma hadithi. Alikuja na jirani yetu Duncan. Duncan! Ana spika kubwa kuliko mlango wangu, ana maikrofoni, sasa anataka na chumba. Aweke meza ya pool. Mama Becky akasema haoni maana ya chumba cha vitabu kama hakuna mtu anayejua kipo. Mutanu, binti ya dada yangu, yuko kidato cha tatu na ndiye anayeongoza hao wasichana. Alisimama mlangoni akiuma mdomo.

Ndipo nikasikia sauti ikitangaza kwamba mwandishi Immaculate Nanyama atakuja hapa Jumamosi kuongea na vijana. Sauti ilikuwa yangu.

Duncan akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza fundi wa kuchomelea madirisha amejuana wapi na mwandishi wa vitabu. Nikasema ni rafiki yangu wa karibu. Nikaongeza kwamba ananiita Mutie tu, bila Bwana. Mama Becky akasema sawa. Nanyama akija na watu wakijaa, chumba kitabaki cha vitabu. Asipokuja, meza ya pool inaingia Jumapili baada ya kanisa.

Nanyama sijawahi kumwona hata kwa picha. Jina nalijua kwa sababu Mutanu hulitaja kila tukila.

Jioni Mutanu akaniuliza kama kweli ni rafiki yangu. Macho yalikuwa yameng'aa sana. Nikasema kweli.

Jumanne, 3 Februari

Mpango wa kwanza: kumjua rafiki yangu.

Nilimwambia Mutanu anikumbushe kile kitabu, Ufunguo wa Jackie, eti nimesahau sehemu kadhaa. Alikifungua kitabu huku akinitazama. Kisha akaanza. Jackie ni msichana ambaye baba yake amepewa nyumba kwenye ghorofa mpya, lakini baba akaipangisha kwa watu wengine, na familia ikabaki palepale kwenye mabati. Jackie anaiba ufunguo. Wapangaji wakienda kazi, yeye anaingia. Haibi kitu. Anakaa tu sakafuni, anafungua bomba, anasikiliza maji. Siku moja akiwa ndani, mlango unaanza kufunguliwa.

Nikauliza nani anafungua. Mutanu akafunga kitabu. Akasema, kwa heshima zote, anko amalizie mwenyewe.

Huyu mtoto ni mkatili.

Jumatano, 4 Februari

Nimechomelea dirisha la mteja upande usiofaa. Sasa linafungukia ukutani. Kosa ni la Jackie. Nilikuwa nimeweka kitabu juu ya jenereta na nilikuwa ninasoma kila nikipumzisha mkono. Mkono ulihitaji kupumzika sana leo.

Aliyefungua mlango ni mama yake! Nikadhani atampiga. Hakumpiga. Alivua viatu, akakaa sakafuni kando yake, wakasikiliza maji pamoja. Kitabu kikaisha hapo.

Kinaishaje hapo? Baba je? Wale wapangaji je? Nyuma ya kitabu wameandika kwamba sehemu ya pili inaandikwa, na kwamba mwandishi ni mwalimu anayeishi Kawangware. Sasa nina sababu mbili za kumtafuta huyu mwandishi. Moja ni chumba. Ya pili sitamwambia mtu.

Duncan amepita akipima mlango wa chumba kwa kamba. Hakuniangalia.

Alhamisi, 5 Februari

Siku mbaya. Naandika nikiwa bado na povu la sabuni sikioni.

Nilienda Kawangware, nikashuka kituo cha 46. Niliulizia mwandishi. Wakanionyesha mchoraji wa vibao. Niliulizia mwalimu anayeandika vitabu. Hapo wakanipeleka kwenye plot ya nyumba za kupanga ya mzee mmoja anayeitwa Gathogo. Langoni Gathogo akauliza mimi ni nani. Ningesema ninamtafuta nani, yangeisha hapo. Nikasema mimi ni fundi.

Mzee Gathogo alinishika mkono kama mtu aliyepata ndugu aliyepotea. Amengojea fundi tangu Krismasi. Mlango wa choo umeng'oka bawaba. Akaniletea nyundo, akaniletea misumari, akakaa kwenye stuli aone kazi.

Basi nikatengeneza mlango wa choo wa Kawangware, bure, nikiwa ndani ya choo.

Ndipo nikamwona. Nilichungulia kwenye nafasi ya bawaba. Mwanamke mfupi, leso kiunoni, anaanika nguo. Nilitarajia mwandishi awe na miwani na huzuni. Huyu alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni. Kisha akavitoa, akaanza kuongea peke yake. Alisema, polepole, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Sasa huyu Jackie. Nimuue, ama nimwache?"

Akaanika shati. Akasema, "Nikimuua hapa, mama yake ataamka."

Sijui nini kilinipata. Nilipiga kelele kutoka chooni.

"Usimuue! Tafadhali usimuue!"

Alipiga nduru. Beseni la sabuni likaruka, povu likanifikia hadi chooni. Mzee Gathogo akaanguka na stuli yake. Nilitoka nikitaka kueleza lakini mlango niliokuwa nimeutengeneza ulifungika vizuri sana, ikabidi niuvunje. Nilikimbia na nyundo yao mkononi, jambo ambalo halikusaidia. Nilisikia Nanyama akiwaambia majirani kwamba kuna mtu amekuwa akimchungulia, mrefu, ana nyundo.

Kwa hiyo tumejuana.

Ijumaa, 6 Februari

Nanyama hatakuja. Hilo ni wazi.

Mutanu amebandika tangazo hadi kwenye kibanda cha maji. Wasichana wamefagia chumba, wameazima viti vya kanisa. Nilijaribu kumwambia ukweli. Nilianza vizuri, nikasema, Mutanu, kuhusu kesho. Akasema, "Asante, anko." Hivyo tu. Nikameza maneno yote.

Mpango wa mwisho. Nimeenda kwa Apiyo, anayeuza samaki karibu na reli. Apiyo haogopi mtu. Nikamwomba awe Nanyama kwa saa moja. Akauliza Nanyama anafanya nini. Nikasema anaandika, na anaulizwa maoni yake kuhusu mambo ya sasa. Apiyo akasema maoni anayo mengi. Tukafanya mazoezi. Nilimuuliza anafikiri nini kuhusu vijana na simu. Akasema simu haifungii samaki, heri gazeti. Nilimuuliza kuhusu serikali. Akasema bei ya omena imepanda.

Nimempa miwani ya marehemu babu. Haoni kitu, lakini anakaa kama msomi.

Jumamosi, 7 Februari

Niandike taratibu.

Watu walijaa. Walijaa mpaka dirishani. Kwa sababu gani, sijui, labda kwa sababu ya spika ya Duncan. Alikuja nayo mwenyewe ili aibu yangu isikike hadi Lang'ata. Mama Becky alikaa mstari wa mbele na mkoba magotini. Mutanu hakuwepo. Nikashukuru. Nikamwingiza Apiyo, nikasema huyu hapa rafiki yangu mkubwa, Immaculate Nanyama. Makofi. Apiyo akapungia ukuta mkono.

Swali la kwanza lilitoka kwa msichana anayeitwa Seline. Aliuliza Jackie anajisikiaje mama yake anapoingia. Apiyo akafikiri. Akasema Jackie alifurahi, na baadaye akafungua biashara ya samaki.

Seline akawageukia wenzake. Hawa wasichana wote wamesoma kitabu. Kumbe kuna hatari ya kuongea na watu wanaosoma.

Duncan akaongeza sauti ya maikrofoni, akauliza polepole, samaki gani hasa.

Mlango ukafunguka. Mutanu. Na nyuma yake yule mwanamke mfupi, leo amevaa gauni la kijani, ameshika mfuko wa vitabu. Akatazama watu. Akatazama Apiyo. Akanitazama mimi. Mfuko ukaanguka.

"Wewe! Si wewe ni yule wa choo?"

Maikrofoni ya Duncan ilinasa kila herufi.

Watu wakasimama. Mtu akasema mwizi. Mtu mwingine, ambaye hata hajui kilichotokea, akavua mshipi. Nilirudi nyuma mpaka nikagusa kabati la vitabu. Nilitaka kusema kitu na kwa mara ya kwanza wiki hii hakikutoka. Mutanu ndiye aliyepanda juu ya kiti.

"Huyo ni anko wangu! Hana ubaya. Ni kudanganya tu anapenda, kama vile wengine wanapenda soda."

Akasema yote. Kwamba amekuwa akimtumia Nanyama ujumbe wa sauti tangu Desemba. Kwamba Jumatatu, baada ya Mama Becky kuondoka, alituma mwingine akilia. Kwamba Nanyama alijibu Jumanne kwamba atakuja. Nikamuuliza mbele ya watu wote mbona hakuniambia.

Akasema, "Ulisema ni rafiki yako. Nikajua amekuambia."

Nanyama alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Aliuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyesema usimuue. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema, kwa sauti ndogo sana, kwa sababu bado hajaishi kwenye ile nyumba.

Akaokota mfuko wake wa vitabu. Akasema siku hiyo alikuwa karibu kuamua kumuua. Sasa ameacha kwanza.

Apiyo akavua miwani, akamwachia kiti, akauliza kama anaweza kubaki kusikiliza. Akabaki.

Halafu tukaongea. Nilisahau hata kuona aibu. Alizaliwa Kitale, akaletwa Kawangware akiwa mdogo, asubuhi anafundisha chekechea, hadithi anaziandika kwenye simu kitandani usiku wa manane, kwa sababu kabla ya hapo ngoma za kanisa jirani hazimwachi. Seline akauliza kama kompyuta sasa itaandika vitabu vyote. Akasema aliijaribu. Aliiambia iandike kuhusu msichana wa Kawangware, ikampa msichana bustani na farasi. Mvulana mmoja akauliza kama haogopi kuandika kuhusu vijana wanaotekwa na hawarudi. Akasema anaogopa sana. Anaandika akiogopa, na hafuti kitu mpaka asubuhi. Duncan alipunguza spika bila kuambiwa.

Mama Becky akainua mkono. Akauliza kwa ukali kwa nini wazazi kwenye kitabu ni wabaya, kwa nini baba akipangisha nyumba yake ni makosa. Nanyama akamuuliza kama amekisoma. Mama Becky akasema alisomewa na Becky, jana. Nanyama akasema baba si mbaya, ana madeni na anaona haya. Na mama amechoka tu, ndiyo maana alipokaa sakafuni hakutaka kuinuka. Mama Becky akafungua mkoba, akafunga mkoba. Akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba meza ya pool itakaa nje kwa kibanda. Ndani ni kwa watoto.

Kelele! Mutanu alinikumbatia, kisha akakumbuka amenikasirikia, akaniachilia.

Nami nikauliza lile lililonisumbua tangu Jumatano. Nikauliza ukiwa pale unaanika nguo, unajuaje Jackie anawaza nini.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana naandika. Siku nikijua, naacha."

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Duncan ameazima Ufunguo wa Jackie. Amekificha ndani ya koti.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani watu wameniita Wa Choo. Hata mchungaji alichelewa kutamka jina langu.

Baada ya ibada Mutanu alinikalisha chini. Akaniuliza kama nimeona uongo wangu ungetufikisha wapi. Nikasema nimeona. Akaniapisha kwamba sitasema tena kitu ambacho si kweli mbele za watu. Niliapa. Niliapa kwa moyo wote, na nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeoga.

Nilipokuwa natoka langoni Mama Becky akaniita. Alikuwa na wanawake wa chama chake cha akiba. Amefurahia sana mambo ya jana, anataka kila mwezi chumba kiwe na mwandishi. Lakini angependa sasa awe wa hapa hapa Kibera, mtu tunayemjua. Akauliza kama ni kweli, kwa vile niliongea vizuri na Nanyama, kwamba mimi pia naandika.

Mutanu alikuwa nyuma yangu. Nilihisi macho yake shingoni.

Nikawaambia wasiwe na wasiwasi. Kitabu kiko tayari kabisa. Kimebaki tu kuandikwa.