Boti ya Mzee Jairo Yachomwa Bambo

Enyi mnaochuma kahawa na enyi mnaoivizia, tueni vikapu, msikie habari ya vita vilivyopiganwa uani kwetu Nanyala, ambako maji mengi kuliko yote ni ya pipa.

Miaka ile soko lilipofanywa huria na kila mtu akanunua asichokijua, mume wangu Jairo, jemadari wa mibuni, simba asiyejua kuogelea, alishuka bondeni hadi Ziwa Rukwa, akarejea juu ya lori na boti kuukuu ya injini, rangi yake ya samawati ikimeremeta kama jeneza la tajiri. Alitaka itengenezewe nyumbani, majirani waione. Wakaiona.

Fundi Nikodemo, mwezekaji mashuhuri wa mapaa, aliizunguka akiigongagonga, akanena kwamba yataka mbao chache tu. Nazo mbao zilikuwepo kwenye kichanja cha jikoni, zikikaushwa na moshi, zikingoja paa la binti yetu Tabita, mjane aliyerudi kwetu na wanawe, wakawa wanalala humo humo jikoni, mnamovuja. Na masika yalikwisha kubisha hodi.

Ndipo Jairo akapanda botini, katikati ya migomba, akahutubu: "Enyi watu wa nyumba yangu, paa laweza kungoja. Ziwa halingoji. Samaki wa Rukwa wananiita kwa jina."

Tabita alikuwa anachambua maharage. "Wakikuita tena, baba, waambie wajukuu zako wanalowa."

Jemadari akakohoa. Mimi sikubishana. Nikaingia ndani, nikatoka na silaha: bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho wanunuzi wa sokoni Mpemba huchomea gunia la mahindi, waone yaliyofichwa katikati. Jairo hajapata kununua gunia bila kulichoma. Boti aliinunua kwa kuitazama rangi.

"Baba Tabita," nikamwambia, "lichome gunia lako."

Akalipokea kama mkuki wa mababu, akachagua ubavu wa kushoto, akachoma. Bambo likazama hadi kwenye mpini, kimya, kama kwenye ugali wa moto. Alipolichomoa, mfereji ulijaa unga mweusi, na juu yake funza mnene akitutazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa. Akachoma mbele, akachoma nyuma. Kila jeraha likatoa unga ule ule. Nikodemo akaanza kutazama viatu vyake.

Jairo akalikung'uta bambo.

"Nilijua tangu ziwani," akatamka. "Nilitaka nione kama na nyie mtajua."

Hatukucheka, na hilo nalo lihesabiwe katika ushujaa wa siku ile. Kisha akazishusha mbao kwa mikono yake, akamwambia Nikodemo aanze na paa la binti yake.

Basi vizazi vya Nanyala na vikumbuke: mvua ya kwanza ilipopiga, Tabita na wanawe walilala pakavu, na boti ilikuwa imepinduliwa nyuma ya choo, kuku wetu mwekundu akilalia mayai chini yake. Jairo alikwenda kuikagua, akarudi amelowa bega moja, akatangaza kwamba chombo chake hakivuji, isipokuwa pale tulipokichoma.