Mlango wa Mbele Usio na Ngazi

Jumatatu, 23 Machi

Siku ya siku! Bwana Leander Hynes, Mkuu wa zimamoto, amebandika tangazo dukani. Kikosi cha kujitolea kinataka mtu mmoja mpya. Huyo ni mimi. Tangu nimalize shule sijatamani kitu namna hii. Nililikodolea macho tangazo mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimeganda.

Binamu yangu Shawna naye anaitaka nafasi. Yeye alimwambia Mkuu mbele ya watu wote. Mimi nilimnong'oneza nyuma ya rafu ya maharage. Akanishauri niongee kama mtu aliye hai.

Sharti la Mkuu: kila mwombaji aitoe familia yake nzima nje ya nyumba kwa mlango wa pili, yeye akitazama. Shawna Ijumaa, sisi Jumamosi.

Tatizo dogo. Mlango wetu wa pili ni wa mbele, na hauna ngazi. Baba alijenga nyumba hii kabla sijazaliwa, na ngazi ataziweka "kiangazi kijacho". Nyumba nyingi hapa ghubani ziko hivyo. Wageni wote hupitia jikoni bila hodi, hata kasisi. Lakini ukifungua wa mbele, chini kuna shimo la kunifika kidevuni.

Nimefungua. Hakuna shimo! Theluji imejaa hadi kizingitini, inateremka mpaka barabarani, yenye utelezi na ngumu. Ngazi ya bure! Nimechora ramani ya kutorokea kwa rangi tatu.

Jumanne, 24 Machi

Majaribio na Bibi, kwa sababu nyonga yake ni mbovu na hawezi kushuka kwa miguu. Nilimkalisha kwenye karai la plastiki la kufulia, mkoba mapajani, nikamsukuma kidogo. Akateleza hadi barabarani akipiga vigelegele. Nilidhani analia. Kumbe anataka tena. Nilimteremsha mara nne, mgongo wangu umekwisha.

Mama akatokea na kusema nikimvunja mama mkwe wake, nitamwelezea Baba mimi mwenyewe. Bibi akamwambia asiwe na wivu, karai linamtosha hata yeye.

Mpango ni kamili.

Alhamisi, 26 Machi

Redio ya mjini St. John's imetangaza mvua. Nimeizima.

Baadaye. Mvua.

Nilimwendea Baba akitazama mpira wa magongo barafuni. Nilitaka kumwomba ajenge ngazi haraka. Nilisimama pembeni yake nikipanga maneno hadi mechi ikaisha. Akaniuliza nina shida gani. Nikasema hakuna, nikamletea chai.

Ijumaa, 27 Machi

Balaa! Mvua ya usiku imeila ngazi yangu yote. Shimo limerudi, na dimbwi ndani yake.

Habari njema: familia ya Shawna imeshindwa. Wote walitoka vizuri kwa mlango wa pili, kisha baba yake, Mjomba Wince, akarudi ndani ya nyumba "inayowaka" kufuata sigara zake. Mkuu akawaandika sufuri. Nilimwonea Shawna huruma. Kiasi.

Wazo likanijia. Nyuma ya banda la Mjomba Wince jua halifiki, theluji bado tele. Nikachukua toroli. Nilikuwa kwenye safari ya sita Shawna aliponikamata. Akapiga kelele: "Jamani, njooni muone! Rina anaiba theluji!" Nikamwambia naiazima. Akataka kujua nitairudisha lini, na ikiwa katika hali gani.

Hata hivyo nimelijaza shimo. Juu nimepasawazisha kwa koleo. Ukitazama, huwezi kujua.

Jumamosi, 28 Machi

Mkuu alisimama nje akatangaza kwamba mlango wa jikoni unawaka. Kazi yangu ilikuwa kupiga ukelele wa moto.

Nilisema "moto". Mama, aliyekuwa akichemsha nyama ya chumvi na kabichi, akaniambia nisijinong'onee, si tabia nzuri. Nilisema tena. Baba akaniambia nisogee, nimeziba televisheni. Bibi peke yake alikuwa tayari: kofia kichwani, mkoba mapajani, amekaa ndani ya karai mbele ya mlango.

Mkuu akachoka kusubiri, akaingia kuona kulikoni. Akapitia jikoni! Mlango unaowaka! Mama akamwambia, "Karibu, Leander, keti, chai hii hapa." Akaketi.

Niliona nafasi yangu inazama kwenye kikombe cha chai. Nikaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Nikamsogeza Bibi kando, nikafungua mlango wa mbele, nikakanyaga ngazi yangu kwa kujiamini kabisa.

Chini yote ilikuwa uji wa barafu. Nikazama hadi kiunoni.

Ukelele ulionitoka sijui ulitoka wapi. Mbwa wote wa ghuba waliitikia. Watu wa kiwanda cha samaki cha jirani walikuja mbio wakidhani kuna maafa. Mama, Baba na Mkuu wakatoka mkuku, kwa mlango wa jikoni. Bibi akabaki kizingitini ndani ya karai, akiuliza zamu yake lini.

Mkuu akahesabu watu, akatangaza kwa masikitiko kwamba Bibi ameungua. Bibi akajibu hajaungua, ana baridi, na huyu Leander alikuwa mjinga tangu utotoni.

Nikajua basi tena. Lakini Mkuu alinivuta kutoka kwenye uji akiwa ameziba sikio moja. Akasema king'ora cha kikosi kimeharibika tangu Krismasi, na pesa za kipya hakuna. Kisha: "Kumbe sauti unayo, binti! Umeingia. Kwa majaribio."

Nimeingia!

Jumapili, 29 Machi

Baba ameaibika mbele ya kiwanda kizima. Tangu asubuhi anapigilia mbao, ngazi za kweli.

Mkuu amenipa kazi ya kwanza: kupanga njia za kutorokea katika ukumbi wa kanisa, uliojengwa juu ya nguzo ukingoni mwa maji. Mwezi wa sita, kiangazi kikianza, atawakusanya watu wote ndani, na kuwatoa kwa ramani yangu. Safari hii sitabahatisha.

Nimeukagua ukumbi wenyewe. Mlango wa kwanza unatokea barabarani. Wa pili unatokea upande wa ghuba. Nimeufungua, nikaruka na viatu vyote viwili juu ya barafu iliyofunika maji. Imara kama saruji! Imetanda hadi ng'ambo, yatosha kusimama watu mia.

Nimechora ramani. Rangi nne.