Jakom Akisusa, Asiitwe

Redio ya Rehma ilikuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kutoa habari. Asubuhi hiyo ilikohoa, ikasema kuna mtaalamu wa tabia aliyezuru shule moja upande wa Bondo akawaambia walimu kwamba mtoto hafanyi vituko bure. Kila kituko kina kilichokitangulia, na kuna faida kinayomletea mwenyewe. Wekeni viboko chini, akasema, kwanza mtazame anapata nini.

"Anapata laana," Aloo Breki akaijibu redio. Aloo ni fundi wa pikipiki, na jina la Breki alipewa kwa kuwa hajaona mazungumzo yakienda asiyasimamishe.

Kijiwe chenyewe ni benchi na stuli chache kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Ravinder, pale Kondele, mjini Kisumu, karibu na steji. Rehma huuza kahawa ya tangawizi na kaimati. Baraza si yake, na hilo ndilo lililomkosesha raha tangu jana, Ravinder alipotoka dukani akamwambia akisikia kelele moja zaidi, abebe jiko lake apeleke kwingine. Kwingine wapi, hakusema. Kondele nzima haina baraza iliyobaki tupu, na jiko hilo ndilo linalowalisha Rehma na mama yake.

Kelele zenyewe zina mwenyewe. Anaitwa Ondiek, lakini kijiweni ni Jakom, yaani mwenyekiti, cheo alichojipa na hakuna aliyethubutu kuitisha uchaguzi. Kazi yake ni kupiga debe steji, kwa hivyo sauti haijawahi kumpungukia. Mjadala ukimgeukia, husimama, huipiga stuli teke, hutangaza kwamba harudi tena hapo, kisha huondoka.

"Sasa hapo ndio nataka," Sydney Digrii akasema, akivuta stuli karibu. Huyu anasoma chuo Bondo, mwaka wa ngapi hakuna anayejua tena, hata yeye. "Jakom akisusa, nyinyi hufanya nini?"

"Tunamrudisha."

"Mnamrudisha aje?"

"Si na pakruok!" Aloo akashangaa kuulizwa. "Mtu akikasirika utamwacha aende hivyo tu, kama mama yake hana kwao? Unamwita na sifa. Duog, omera! Rudi, ndugu yangu! Wuod nyar Seme, mtoto wa binti wa kule Seme, mwenye ng'ombe wamejaa mpaka ziwani!"

"Ako na ng'ombe ngapi?"

"Hana hata kuku. Lakini hiyo ni pakruok, Sydney, si sensa!"

"Na akisharudi?"

Aloo akamtazama Rehma. Rehma akajifanya anakoroga sukari. Akisharudi, yeye ndiye humtilia kahawa ya bure na kaimati za kumpoza. Alipolifikiria vizuri, mwiko ukamsimama mkononi. Kumbe siku zote hizi amekuwa akimlipa mtu amvunjie stuli!

"Ndio hiyo fomula," Sydney akasema, amejaa furaha ya mtu ambaye masomo yamemfaa kwa mara ya kwanza. "Kabla, anashindwa mjadala. Halafu, teke. Baadaye, sifa, kahawa, kaimati. Sasa wewe ungeacha?"

"Mimi ningepiga teke mbili," Aloo akakiri.

"Basi leo hakuna kuita mtu," Rehma akasema. "Akisusa, macho yenu kwa vikombe. Atakayefungua mdomo kumsifu, atafute kahawa kwa mwingine."

"Lakini Mama, kuna kitu moja. Tabia ukiinyima chakula yake, inazidi kwanza ndio ife."

"Inazidi kiasi gani?"

Sydney akajikuna shingo. "Hiyo siku sikuingia darasani."

Hapo Jakom akatua, anaongea tangu barabarani. "Nimesikia hiyo takataka ya redio! Ati mtoto aulizwe anataka nini! Sisi tulichapwa mpaka tukanyooka!"

"Wewe ulinyooka?" Sydney akauliza kwa upole. "Mbona hapa hakuna stuli iko na miguu yake yote ya kuzaliwa?"

Aloo alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Rehma akalivuta jiko nyuma.

"Mnanicheka? Mimi?" Teke! Stuli ikabingirika hadi kwenye mifuko ya simiti. "Sirudi hapa! Hata nikikufa, maiti yangu isipitishwe hii barabara!"

Akaondoka kwa ile hatua yake ya mtu anayengoja kuitwa. Hakuitwa. Alipofika ukingoni mwa barabara akageuka.

"Nimesema naenda!"

Vikombe vikatazamwa sana.

"Naenda mbali! Naenda Port Victoria, nikauze samaki wa omena!"

Midomo ya Aloo ilikuwa ikitetemeka kwa sifa zilizomkwama. Jakom akarudi mbio, akapiga teke stuli ya pili, ile anayoikalia kila siku, ikayumba bila kuanguka, kisha akaondoka upya, safari hii kwa mikogo zaidi. Rehma aliona uchungu, tena uchungu wa kweli. Alipofiwa na mumewe, mtu huyu ndiye aliyesimamisha steji nzima ikaja mazishini. Lakini alimfikiria mama yake, akafunga mdomo.

Jakom alipoona dunia imemsahau, alivuka barabara, akapanda juu ya jiwe, akajiita mwenyewe. "Duog, Jakom! Rudi, wuod nyar Seme! Sauti inayoamsha Kondele! Mwenye ng'ombe wamejaa mpaka ziwani!"

Waendesha bodaboda hawakuwa na habari ya mtaalamu wala ya fomula. Wao walisikia pakruok, wakaitikia kwa honi, wote kwa pamoja. Mlango wa duka ukafunguka.

"Mama Rehma! Ma en ang'o? Hii ni nini? Nilisema nini jana?" Ravinder alizaliwa Kisumu, na hasira yake huanzia kwa Kijaluo.

Rehma alirukia sahani. Kaimati za moto, kahawa yenye sukari nyingi, kama kawaida. Ndipo mkono ukamganda hewani.

Kama kawaida! Jana Ravinder alimfukuza, Rehma akampa sahani, mzee akala pale mlangoni polepole, sikio likiwa barazani, kisha akarudi ndani kama aliyesahau kilichomleta. Juzi vilevile. Tangu mwanawe ahamie Nairobi, mzee huyu hakosi kuja kumfukuza, na dukani hakuna anayemwambia neno ila kumuuliza bei ya misumari.

Akairudisha sahani.

"Bwana Ravinder, leo sikuletei kitu mlangoni."

"Tumekwisha," Aloo akanong'ona.

"Nikikupa kila ukinifukuza, utanifukuza mpaka nizeeke." Alijua jiko lingeweza kuwa juu ya mkokoteni kabla ya adhuhuri. "Ukitaka kaimati, kaa hapa na sisi uitishe. Stuli ya Jakom iko wazi."

Ravinder akaitazama ile stuli, akalitazama duka lake tupu. "Iko na miguu ngapi?"

"Tatu na kitu," Aloo akasema.

Ravinder akaketi kwa tahadhari. "Basi, Mama, naomba kaimati." Kisha, bila kuulizwa: "Na hiyo maneno ya viboko, mimi nilichapwa na sikunyooka."

Ng'ambo ya barabara, Jakom aliona kiti chake kimekaliwa. Sifa zikamfia kinywani. Akavuka taratibu, akaiokota stuli kwenye mifuko ya simiti, akaipangusa, akaketi.

"Mama Rehma, naomba kahawa," akasema kwa sauti ambayo hawakujua anayo.

"Sasa!" Sydney akasema. "Akifanya vizuri ndio mumsifu! Sasa!"

Aloo akalipuka. "Wuod nyar Seme! Mwenye ng'ombe wamekunywa ziwa likapungua!" Steji ikaitikia kwa honi, Sydney akapiga benchi, Rehma mwenyewe akapiga kigelegele, na kelele zikapita za jana mara nyingi. Ndipo wote wakamkumbuka mwenye baraza.

Ravinder alikuwa amekunja uso. Akaweka kikombe chini, akasimama, akaigeukia stuli yake, akarudisha mguu nyuma tayari kwa teke.

"Kwani mimi," akasema, "mama yangu hana kwao?"